Asili ya mashua ya zamani: namna ya kuifuatilia na kuitunza

Ni nadra kukuta mashua au jahazi la miaka hamsini katika pwani ya Mtwara na Lindi likiwa bado na mbao zake zote za kwanza. Mbao za ubavuni hubadilishwa mojamoja, mataruma (mbavu za ndani za chombo) hufuata, mlingoti huvunjika, tanga huchakaa. Kinachodumu mara nyingi ni mkuku (uti wa mgongo wa chini), fashini (miti iliyosimama) za omo na tezi, yaani mbele na nyuma, na umbo lenyewe. Kwa hiyo anayetaka kujua chombo kimetoka wapi afuatilie matengenezo yake, na anayetaka kukitunza aanze kwa kuandika kabla fundi hajashika tezo (shoka la kuchongea). Ubao uliokwisha kung'olewa na kupikiwa samaki hausemi kitu.

Soma mbao kabla hujauliza watu

Simama ndani ya chombo, uso ukielekea omo. Hesabu mataruma kuanzia omo kwenda tezi na uyaandike kwa chaki: 1 kulia, 1 kushoto, 2 kulia, na kuendelea. Mbao zihesabiwe kwa herufi kutoka mkuku kwenda juu. Ukiandika "C kushoto, taruma 9 hadi 14", mtu yeyote atakayekuja baada ya miaka ishirini atajua ulikuwa unasema ubao upi. Piga picha ya kila sehemu ukiwa umelaza futi kando yake, kisha piga tena kwa mbali ili ijulikane sehemu hiyo iko wapi.

Angalia misumari. Msumari wa kufuliwa na mhunzi una mwili wa pembe nne na kichwa kisicho sawasawa. Msumari wa kiwandani ni wa mviringo na vichwa vyake vinafanana. Ukikuta aina zote mbili katika ubao mmoja, umeshikwa upya. Angalia na alama za kupasulia: msumeno wa mviringo wa kiwandani huacha mistari iliyopinda, msumeno wa kuvuta kwa mikono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana, na tezo huacha vidimbwi vidogo. Ila tezo bado inatumika hadi leo, hivyo alama yake peke yake si ushahidi wa uzee.

Aina ya mti nayo husaidia. Mvule na mbambakofi huonekana zaidi kwenye mkuku na mbao. Mataruma ni miti iliyojipinda yenyewe: mtondoo, mkomafi, mlilana. Ukikuta mataruma manne ya mti tofauti yamefuatana upande mmoja, hapo huenda chombo kiligonga mwamba au kiliangukia ubavu.

Jina la zamani mara nyingi liko chini ya rangi. Usikwangue. Subiri giza, shika tochi ubavuni kabisa mwa ubao ili mwanga upite kwa mlalo, na herufi zilizochongwa zitatoa kivuli. Vyombo hubadilishwa jina vinapouzwa, kwa hiyo ukikuta majina mawili yaandike yote.

Kupima umri kwa kaboni ni kupoteza fedha: kwa mbao za miaka mia mbili hivi kuja huku, majibu mara nyingi hayatenganishi vizazi.

Wazee na tarehe zao

Nahodha mstaafu hatakwambia "1968". Atakwambia chombo kilishushwa majini mwanzo wa kusi (upepo wa kusini), mwaka fulani ulipotokea jambo fulani. Kazi yako ni kuwa na orodha ya matukio yenye tarehe. Kwa Kusini zinafaa hizi: mradi wa karanga (1947 hadi 1951), kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952, Uhuru 1961, reli ya Mtwara na Nachingwea kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 na 1979, na Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lililofunguliwa 2003. Hilo la mwisho ni alama nzuri sana, kwa sababu kabla yake masika yalikuwa yakikata barabara na mizigo mingi ikategemea bahari. Uliza: "Nahodha, daraja lilipofunguliwa chombo hiki kilikuwa bado kinabeba mizigo, au kilikuwa kimeshakuwa cha uvuvi?"

Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, halafu chombo. Daftari lisitoke kabla mzee hajaanza kueleza mwenyewe. Muulize mmoja mmoja, maana wakikaa baraza moja anayesema kwa sauti kubwa ndiye atakayeamua tarehe ya wote. Usimwulize nahodha peke yake: fundi anakumbuka mbao, nahodha anakumbuka safari, na mjane au watoto wa mwenye chombo wanakumbuka fedha, yaani kilinunuliwa kwa nani na kwa bei gani. Maeneo ya kuulizia ni yale yaliyo na mafundi na mabaharia kwa vizazi: Mikindani, Msanga Mkuu, Sudi, Mchinga, Kilwa Kivinje.

Karatasi

Anza na zilizo karibu. Hati ya mauziano mara nyingi iliandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na chombo kilichorithiwa kinaweza kutajwa katika jalada la mirathi mahakama ya mwanzo. Chombo cha uvuvi kina kumbukumbu za leseni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Cha mizigo na abiria, ulizia TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli), iliyorithi kazi za majini za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, mwaka 2018.

Kwa miaka ya ukoloni nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukiwa na barua ya utambulisho. Wengi hukwama hapa kwa kutafuta jalada la "Mkoa wa Lindi" la mwaka 1950. Halipo. Wakati ule Lindi ilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini; baada ya Uhuru ukaja Mkoa wa Mtwara, na Mkoa wa Lindi ukatengwa mwaka 1971. Tafuta kwa jina la wilaya: Lindi, Mikindani, Kilwa. Omba majalada ya forodha na bandari, pamoja na vitabu vya wilaya. Jina la chombo huandikwa kwa tahajia ya karani wa siku ile, kwa hiyo lisome kwa sauti kabla hujasema silo. Kama chombo kilikuwa kikienda Palma au Ibo, sehemu ya habari zake iko Msumbiji kwa Kireno.

Kuchukua umbo

Mkuku huinuka katikati na omo na tezi huinama chombo kikizeeka, kwa hiyo vipimo vichukuliwe kikiwa kimesimama wima juu ya gadi (miti ya kuegemezea) imara, si kikiwa kimelalia ubavu mchangani. Watu wawili wanatosha, na vifaa ni uzi, timazi, pima maji, futi ya mita 30 na mti mmoja ulionyooka wenye alama kila sentimita 20.

Vuta uzi chini sambamba na mkuku, pembeni kidogo mwa sehemu iliyo pana kuliko zote, uutie alama kila mita 1, na kila nusu mita karibu na omo na tezi ambako umbo hubadilika haraka. Kwenye kila alama simamisha ule mti, uuhakikishe kwa timazi, kisha pima kwa mlalo kutoka kila alama ya mti hadi kwenye mbao. Andika namba tatu: umbali kutoka omo, kimo, umbali hadi ubaoni. Rudia upande wa pili. Pande mbili hazitalingana, na usizilazimishe. Tofauti ya sentimita 3 au 4 ni ya kawaida kwa chombo kilichoundwa kwa jicho. Malizia kwa urefu wa mlingoti na foromali (mti unaoshika tanga), na mahali mlingoti unapokaa.

Kupandisha

Pandisha chombo nchi kavu kwenye kilele cha bamvua (maji makuu ya bahari), siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, na panga kushusha bamvua inayofuata. Una kama siku 14. Bamvua mbili zinazofuatana hazilingani kimo, na chombo kilichopandishwa kwenye ile kubwa kinaweza kukosa maji kwenye ile ndogo kikakaa mwezi mzima. Miezi ya Juni hadi Septemba inafaa: mvua hakuna, na kusi huwa imeshachafua bahari hata hivyo.

Gonga kila ubao kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia, uliooza hutoa sauti butu. Panapotia shaka choma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama zaidi ya milimita 5 bila nguvu, pameoza. Tazama kwanza ubao unaopakana na mkuku, ncha za mbao kwenye fashini, chini ya mlingoti, na duara jeusi kuzunguka misumari. Duara hilo ni kutu inayokula mbao. Kupigilia msumari mnene zaidi katika tundu lile lile hakusaidii. Ziba kwa kigingi cha mti mgumu, utoboe pembeni.

Kubadilisha bila kupoteza chombo

Usibomoe upande mzima. Mbao ndizo zinazoshika umbo, kwa hiyo toa moja, tia moja, kwa kupokezana kulia na kushoto. Ukitoa mbao nne za upande mmoja kwa pamoja, chombo kitafunguka na mbao mpya zitashika umbo jipya lililopinda.

Mbao ziwe zimekauka kivulini, mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mikoko, mvule na mninga havikatwi bila kibali cha TFS (wakala wa misitu wa serikali), na mzigo unaosafirishwa uwe na hati yake; usikubali mbao "za usiku". Kiungo cha kulalia (ncha mbili zilizochongwa mshazari zikalaliana) kiwe na urefu wa mara 8 ya unene wa ubao: ubao wa milimita 30, kiungo cha milimita 240. Ncha mbili za mbao jirani zisikutane karibu, ziachane kwa mataruma matatu au zaidi. Msumari uwe na urefu wa mara mbili na nusu ya unene wa ubao, umechovywa zinki, na utobolewe njia kwanza kwa keekee yenye ncha nyembamba kuliko msumari. Usichanganye shaba na chuma. Kwenye maji ya chumvi chuma ndicho kitakacholiwa.

Ubao uliotolewa ukatie kipande cha sentimita 30 chenye msumari wake, uandike namba na tarehe, ukihifadhi pakavu.

Kuvika chombo cha zamani nguo ya faiba na gundi kunaonekana kama dawa. Mbao za zamani zina maji ndani. Faiba huyafungia, mbao huoza huku nje panang'aa, na mpaka ujue, mkuku umekwisha.

Kalafati

Hapa ndipo vyombo vingi huharibiwa kwa bidii. Toa kalafati (pamba ya kuzibia) ya zamani kwa kulabu bila kupanua mfereji ulio kati ya mbao. Mfereji mzuri umefunga ndani na umefunguka kama milimita 3 nje. Sokota pamba kuwa uzi wa unene wa penseli, uuloweke katika mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa), uukamue, kisha uupigie kwa patasi butu hadi ujaze theluthi mbili ya kina. Juu yake tia chokaa iliyokandwa na mafuta hayo hayo mpaka ishike kama ugali mgumu.

Chombo kilichokauka mwezi mzima nchi kavu kina mifereji mipana, na fundi asiye mzoefu atashindilia pamba mpaka nyundo iruke. Kikirudi majini mbao zinavimba, hazina pa kwenda, zinasukuma misumari kutoka kwenye mataruma. Kabla ya kalafati lowesha mbao kwa maji ya bahari asubuhi na jioni siku tatu au nne, kisha upime tena.

Mdudu, moto na deheni

Mdudu mtoboa mbao huingia akiwa mdogo kama ncha ya sindano, akakulia ndani. Nje huoni kitu. Siku moja juani haimwui, kwani hujifungia ndani kwa wiki kadhaa. Njia ya zamani ni kuchoma: mienge ya makuti makavu hupitishwa chini ya mstari wa maji bila kusimama, mpaka mbao ziwe moto ila zisigeuke mkaa. Ndoo za maji ziwe karibu, petroli itolewe, na pasichomwe palipo na faiba au rangi mbichi. Kulaza chombo majuma kadhaa ndani ya mlango wa mto, kama Lukuledi, penye maji yasiyo na chumvi nyingi, nako humdhoofisha.

Baada ya moto paka deheni: shahamu iliyoyeyushwa, ichanganywe na chokaa iliyozimwa na kuchekechwa, mpaka ipakike kwa mkono bila kuchuruzika. Ipakwe ikiwa vuguvugu, mikono ikiwa na glavu, na irudiwe kila miezi miwili au mitatu. Juu ya mstari wa maji paka sifa. Rangi ya shaba hudumu zaidi, lakini vichwa vya misumari vifunikwe kwanza.

Maji ya mvua huozesha chombo kuliko maji ya bahari. Osha sitaha kwa maji ya chumvi kila siku, nyunyiza chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya chumvi kwenye pembe za mataruma ambako maji hutuama, na acha mlango wa ngama (sehemu ya chini ndani ya chombo) wazi hewa ipite. Kama lazima chombo kikae nchi kavu, kijengee banda la makuti na ukinyunyizie maji ya bahari ndani kila siku mbili.

Siku ya kushusha, kiache kwanza kimefungwa maji yakiwa kiunoni, na watu wa kufua maji usiku kucha. Kitavuja, siku ya pili uvujaji upungue, ya tatu ukaribie kukoma. Panapoendelea kuvuja pawekewe alama ya chaki kwa ndani, na pasipigiliwe kalafati nyingine mpaka mbao zimalize kuvimba.