Jumapili ya mama inaandaliwa Jumamosi: mpango wangu wa nyumbani hapa Mombasa

Kina dada wapya kanisani huniuliza sana, sa nyinyi Jumapili ni Sabato, hamnunui kitu, hamtaki kushinda jikoni, watoto wanakula nini? Na hiyo Jumatatu jioni ya familia mnaifanya vipi na watoto wana homuwaki na baba anaingia usiku amechoka? Jibu langu ni moja tu, ya Jumapili yafanye Jumamosi na ya Jumatatu yatengeneze Jumapili mchana. Nitaeleza vile mimi hufanya manake joto la Mombasa, maji ya Mombasa na stima ya Mombasa yanataka mpango wake, ukichukua ratiba ya dada wa Utah, kule Marekani yaliko makao makuu ya kanisa letu, ukaileta hapa Kisauni hivo ilivyo chakula kitakuharibikia.

Kwa asiyetujua, sisi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mtaani wengi wanatuita Wamormoni. Mimi niko nyumbani kwa kupenda, baba watoto anatoka kutafuta mimi nalea, na lile tangazo la kanisa letu la 1995 kuhusu familia naliamini kwa moyo wangu wote, linasema kulea watoto ndio jukumu kuu la mama na mume na mke wasaidiane wakiwa sawa. Alafu tangu Januari 2019 mikutano ya Jumapili imekuwa masaa mawili badala ya matatu, na hiyo saa moja tulirudishiwa ili tufundishe watoto nyumbani. Sasa kama mama yuko jikoni na moshi, hiyo saa nani atakaa nayo?

Anza Ijumaa usiku, loweka mbaazi. Jumamosi asubuhi mapema kabla jua halijakuwa kali zichemshe mpaka ziive vizuri, tia chumvi kidogo, zikishapoa weka friji. Na hapa nisikilize dadangu, USITIE TUI Jumamosi. Tui likilala kwa joto letu linachacha, stima ikipotea usiku ndio kabisa, asubuhi ukifunua sufuria harufu yake tu inakwambia. Mbaazi zilizochemshwa na maji matupu zinavumilia friji mpaka kesho bila shida. Jumapili unatia tui jepesi na kitunguu na pilipili ya kuwasha nzima, zikishachemka unapunguza moto unatia tui zito unakoroga pole pole lisikatike, haifiki nusu saa mko mezani. Nazi ikune Jumamosi uifunge kwenye mfuko utie frizi, au kama una mvulana mkubwa mpe mbuzi akune Jumapili huku wewe unapanga sahani, ni kazi inayomfaa na atajivunia.

Mahamri kanda Jumamosi baada ya alasiri, tia iliki ya kutosha, yaache yaumuke, uyachome jioni. Yakishapoa kabisa ndio unafunika na kitambaa, ukiyafunika yakiwa moto yanatoa jasho na asubuhi yamekuwa kama ya wiki iliyopita. Samaki nenda mapema, mimi nikipata changu wa wastani nawapaka chumvi, ndimu na bizari nawakaanga wakauke, kesho ni kupasha tu na wali. Mchele uchaguliwe Jumamosi. Na kama huna friji usijisumbue na mbaazi za kulala, fanya mahamri, chemsha viazi na mayai asubuhi, au loweka ndengu usiku manake ndengu zinaiva haraka ukirudi kanisani. Au omba nafasi kwa friji ya jirani, hapa kwetu jirani hakunyimi.

Mengine ya Jumamosi nayataja haraka. Tokeni za stima nunua Jumamosi. Maji jaza kila kitu, manake mfereji ukikauka Jumapili asubuhi utaita mkokoteni na huko ni kununua. Nauli vunja noti mapema, hasa kama unavuka feri kutoka Likoni na watoto alafu upande tuktuk. Mashati na magauni piga pasi wakati stima ipo, na kwa wasichana chukua pamba nyepesi yenye mikono, heshima inakaa na mtoto hapati vipele vya joto. Viatu vipangwe mlangoni jozi kwa jozi, utanishukuru.

Chai sasa. Neno la Hekima, ile sheria yetu ya afya, liko sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, moja ya vitabu vyetu vya maandiko, lilitolewa 1833, na kwetu sisi ni kuacha pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Mombasa kuishi bila pombe ni rahisi, nusu ya majirani wangu ni Waislamu na hawanywi pia, watoto wetu wanakua pamoja bila kuona chupa. Mtihani ni chai, manake mgeni akiingia ndani asipoandaliwa chai anaona hajakaribishwa. Mimi nachemsha maziwa na tangawizi iliyopondwa, iliki, mdalasini na pilipili manga kidogo, sukari, bila majani, viungo nachukua Marikiti kwa vipimo vidogo vidogo viwe vipya. Nikishamimina kwenye birika na mahamri pembeni hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Mchaichai pia panda, hata kwenye ndoo mbovu hapo barazani unaota, ukate majani mawili matatu uchemshe, jioni ya mvua hakuna kinywaji kinachonipendeza kama hicho. Watoto wafundishe jibu fupi wakienda harusini au kwa bibi yao, "asante bibi, naomba maji", basi, wasianze kuhubiri watu wazima mezani.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya mfungo, kwa hivo mpango unageuka. Tunafunga milo miwili, kama masaa 24, bila kula wala kunywa. Kwangu tunakula Jumamosi jioni mapema, tunaomba pamoja na kila mmoja anataja anafungia nini, alafu tunafungua Jumapili jioni hiyo hiyo saa. Kwa joto la huku hasa mwezi wa pili na wa tatu kunywa maji mengi Jumamosi mchana kutwa, na chakula cha jioni kisiwe na chumvi nyingi wala pilipili, kiu itakutesa. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mgonjwa asifunge, na asijione mdogo kwa hilo. Watoto wadogo wanakula kama kawaida, aliyekwisha batizwa akiwa na miaka minane akitaka kujaribu mlo mmoja mwache ajaribu mwenyewe, usimsukume. Ajabu nzuri ya kuishi hapa ni kwamba funga watoto wameshaiona, wanaona wenzao wa jirani Ramadhani wakijaribu nusu siku, kwa hivo ukiwaambia leo tunafunga hawashangai. Zile pesa za milo miwili tunazitia kwenye bahasha ya matoleo ya mfungo, ni za kusaidia wenye shida, na mimi huwapa watoto wahesabu wenyewe mezani, mtoto akishika hizo pesa kwa mkono wake anaelewa kwamba hakula ili mwengine ale. Ukiwa na uwezo ongeza.

Haya, Jumatatu. Jioni ya familia nyumbani viongozi waliianzisha 1915 na ilipofika 1970 Jumatatu ikatengwa kanisani kote, hakuna mkutano mwengine unaowekwa jioni hiyo. Wengi wanaogopa wakidhani ni ibada ndefu. Watoto wangu hawawezi kukaa zaidi ya dakika ishirini na ni sawa. Wimbo, sala, somo fupi, mchezo, kitu kitamu. Jumapili mchana baada ya kula, hiyo saa tuliyorudishiwa, tunasoma lile fungu la wiki la Njoo, Unifuate, kitabu cha kanisa cha masomo ya nyumbani, na hapo hapo tunagawa kazi za kesho, nani wimbo, nani sala, nani mchezo, naandika kwenye kikaratasi nabandika mlango wa friji. Mdogo kabisa kazi yake ni kuchagua wimbo, hata akichagua ule ule kila wiki tunauimba.

Somo lishike kitu ambacho mtoto anakijua kwa macho. Nikupe mfano wa Nefi aliyeambiwa na Mungu ajenge merikebu, 1 Nefi 17 na 18 kwenye Kitabu cha Mormoni. Watu wa Mombasa tumebarikiwa hapo, mpeleke mtoto Jumamosi jua likipungua kule Mji wa Kale aone majahazi yanavyotia nanga bandari ya zamani, mwambie aangalie mbao zimeshikana vipi, misumari, kamba, matanga. Jumatatu jioni muulize, sasa wewe ungeambiwa na Mungu utengeneze hicho chombo na huna hata nyundo ungeanzia wapi? Acha waseme. Wangu walisema nitaenda kwa fundi, mwengine akasema nitakopa nyundo. Alafu ndio unafungua kitabu, wanakuta Nefi alimuuliza Bwana aende wapi apate madini ayayeyushe, atengeneze vifaa kwanza. Hawasahau! Waulize pia wale kaka zake wakubwa Lamani na Lemueli walisema nini walipomuona ndugu yao anajenga, manake kila nyumba ina mtoto anayekatishwa tamaa na kaka yake, na hapo mazungumzo yanakuja yenyewe. Mchezo wetu siku hiyo ulikuwa kukunja meli za karatasi na kuziweka zielee kwenye beseni la maji, tuone ya nani inabeba njugu nyingi kabla izame. Kitu kitamu kilikuwa embe na ndizi zimetiwa asali juu, kwa sababu nchi waliyofikia Nefi na familia yake hapo ufukweni ilikuwa na matunda mengi na asali ya mwitu, na mtoto anayekula somo lake analikumbuka.

Baba akiwa na shifti ya usiku bandarini msilazimishe Jumatatu, siku nyengine inaruhusiwa, hata Jumapili yenyewe. Sisi tumeshafanya alfajiri kabla ya shule, wimbo na sala na hadithi fupi mkate ukiwa mdomoni.

Na kwa dada ambaye mume wake si wa kanisa letu, na wako wengi, mimi nakushauri usimkalishe kama mwanafunzi. Mpe mchezo aongoze yeye. Au mwambie awasimulie watoto vile babu yao aliishi, alivua samaki vipi, alipendana vipi na bibi, hilo ni somo kamili la familia na yeye ndiye mwalimu pekee wa hilo. Ukifika wakati wa sala muulize kwa heshima, baba fulani nani atuombee leo? Akitaka mwenyewe kuomba kwa njia yake mwachie, nyote semeni amina, kisha leta sahani ya maembe.