Namna ya kupima kama chembe nano za sumaku zinapasua seli nyekundu

Chembe nano, yaani chembe ndogo mno, za oksidi ya chuma zilizovikwa dekstrani (aina ya polima ya sukari) zikidungwa mshipani, kitu cha kwanza kukutana nacho ni damu. Ndiyo maana mimi huanza na damu kabla ya kipimo kingine chochote.

1. Safisha chembe kwa dialisisi, yaani ndani ya utando unaopitisha uchafu na kubakiza chembe, ukibadilisha maji mara kwa mara. Amonia iliyotumika kuzitengeneza na dekstrani isiyoshika kwenye chembe zikibaki, utapima sumu ya uchafu.

2. Zitie kwenye maji ya chumvi ya 0.9% zilale humo. Asubuhi inua tyubu kwenye mwanga. Zikiwa salama utaona rangi angavu kama chai ya rangi. Ukikuta tope chini, ishia hapo ukazivike upya.

3. Chukua damu yenye dawa ya kuzuia kuganda, kwa ridhaa ya mtoaji. Izungushe kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili seli zizame, uzioshe seli mpaka maji ya juu yasiwe na rangi. Yakiwa ya waridi, seli zimeshapasuka.

4. Andaa tyubu nne: seli na chembe, seli na maji ya chumvi, seli na Triton X-100 (sabuni ya maabara inayozipasua zote), na chembe peke yake bila seli. Hiyo ya nne usiiache hata siku moja. Mimi niliiacha, nikatupa chembe nzuri nilizozihangaikia wiki tatu. Weka zote kwenye nyuzi 37 kwa saa 3.

5. Zungusha, kisha soma maji ya juu kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa, kwa mwanga wa nanomita 540, ambao hemoglobini, rangi nyekundu ya damu, huunyonya. Chembe zilizovikwa vizuri hazizami zote, na rangi yake ya kahawia husomeka kana kwamba ni hemoglobini. Tuseme umepata 0.16 kwenye sampuli, 0.04 kwenye maji ya chumvi na 1.04 kwenye Triton. Toa 0.04 kwenye sampuli na kwenye Triton, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili: inakupa 12%, yaani hazifai. Lakini chembe peke yake zimesoma 0.09, ukiitoa, inabaki 3%. Kwa ASTM F756, kiwango cha kimataifa cha kipimo hiki, 2 hadi 5% ni kupasuka kidogo kwa seli.

6. Changanya pia chembe na hemoglobini tupu. Usomaji ukishuka, chembe zinainyonya na kuficha madhara.

Ferumoxytol, chembe za aina hii zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2009, ziliwekewa onyo kali mwaka 2015 kwa sababu ya mzio unaoweza kuua. Kipimo hiki hakiuoni mzio huo, kwa hiyo fungu lilelile lipeleke kwenye kipimo cha endotoksini (sumu ya bakteria) na cha komplimenti (protini za kinga zilizomo kwenye damu).