Ndugu yako yuko kambi ya gereza la shirikisho Marekani? Soma hapa ukiwa Kigoma

Kwanza tulieni, kambi ndo ngazi ya chini kabisa ya ulinzi kwenye magereza ya shirikisho kule, wanalala mabweni vitanda vya dabo deka, uzio mfupi au haupo kabisa, ila akitoka bila ruhusa hata kama ni kwenda dukani tu anahesabika katoroka na anafunguliwa kesi nyingine.

Simu huwezi kumpigia, anapiga yeye, kwa hiyo mwandikie barua umpe namba yako aiingize kwenye listi yake. Dakika 15 inakata, na wanarekodi, sasa zile salamu za ukoo mzima kuanzia Ujiji mpaka Kasulu hapana jamani, mpeni mama yake kwanza aongee. Halafu kila siku saa kumi jioni ya kule wanasimama kuhesabiwa, kama yuko upande wa mashariki huku inakuwa saa tano au saa sita usiku kutegemea na msimu, muda huo usikeshe na simu mkononi.

Hela usitie kwenye bahasha. Bora ndugu aliyeko kule amwekee kwenye akaunti yake, atahitaji jina kamili na ile namba ya mfungwa ya tarakimu 8. Inamsaidia sana, maana kazi za humo ndani, jikoni, kufagia, bustani, nyingi zinalipa senti 12 mpaka 40 za dola kwa saa, na sabuni nzuri au stempu ananunua mwenyewe duka la gerezani.

Na dagaa msitume, chakula cha kutoka nyumbani hawapokei.