Somo: Viza ya utalii ya Schengen, pamoja na hesabu ya siku iliyoniponza

Swali la "nianzie wapi?" nimelijibu mara nyingi mno, na nimeona heri niandike mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo hili linamhusu mtalii ambaye pasipoti yake inamlazimu kuomba viza ya muda mfupi ili aingie katika nchi 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao. Anayekwenda kusoma au kufanya kazi ana taratibu zake, nami sitaziingilia.

Hatua ya 1. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwa nchi utakayoingilia kwanza.

Hatua ya 2. Kagua pasipoti: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakize kurasa 2 tupu, na isiishe muda wake kabla ya kupita miezi 3 tangu siku unayokusudia kuondoka huko.

Hatua ya 3. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje hizo 15, kwa sababu uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45 iwapo faili lako litahitaji uchunguzi zaidi.

Hatua ya 4. Andaa fomu, picha, ratiba ya safari, uthibitisho wa malazi, taarifa ya benki, ushahidi wa kinachokurudisha nyumbani, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 inayotambulika katika eneo zima. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na hairudishwi ukinyimwa. Kuhusu benki, fedha nyingi zilizoingizwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi huzua maswali kuliko akiba ndogo iliyojengeka polepole.

Hatua ya 5. Soma kibandiko cha viza kabla hujagusa tiketi. Hapa ndipo nilipoteleza, kwa hiyo naomba usome taratibu. Kibandiko kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na mahali pengine kina idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Changu kilisema kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 30, siku 13. Mimi niliiona hiyo 30, nikafurahi, nikasogeza tiketi ya kurudi hadi tarehe 17. Sikujua kwamba siku 15 zinazozidi hizo 13 kati ya tarehe hizo mbili huongezwa ili kumpa msafiri nafasi endapo safari yake itachelewa kuanza, wala si za kukaa. Kibaya zaidi, niliingia tarehe 3 saa tano na dakika hamsini usiku, na dakika 10 zile zikahesabiwa siku nzima, kwa kuwa siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Siku yangu ya mwisho ilikuwa tarehe 15. Nikiwa natoka niliwekwa kando, nikahojiwa, nikaandikiwa kosa la kuzidisha siku 2, na ombi langu lililofuata lilinidai maelezo marefu kuliko fomu yenyewe. Basi: hesabu kwa vidole, siku ya kuingia iwe ya kwanza, na ondoka siku moja kabla ya ukomo ili ndege ikiahirishwa usiingie matatani.

Hatua ya 6. Nakala za karatasi zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu afisa wa mpakani anaweza kukudai ushahidi wa malazi na wa fedha hata kama viza unayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nakwenda Italia siku 6 na Ufaransa siku 3. Niombe wapi?

Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Nina viza ya kuingia mara moja. Nikiwa Paris, naweza kwenda London siku mbili kisha nirejee Paris?

Jibu: Swali zuri, na wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kulipa nauli. Huwezi. Uingereza haimo katika eneo hilo, kwa hiyo ukitoka umeitumia nafasi yako yote, hata kama siku zimebaki. Ireland na Kupro ni hivyo hivyo, ingawa zimo katika Umoja wa Ulaya. Omba viza ya kuingia mara mbili tangu mwanzo, uambatanishe ratiba inayoonyesha sababu, na viza ya Uingereza uiombe peke yake.

Swali: Jamaa yangu alizidisha siku tatu na hakuulizwa chochote. Huoni unatutia hofu bure?

Jibu: Nimeeleza yaliyonipata mimi. Huyo jamaa yako huenda alipita enzi za mihuri, ambapo afisa alihesabu kwa macho. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza kutumika mfumo wa kielektroniki unaosajili uso, alama za vidole na tarehe za kuingia na kutoka. Kompyuta haichoki kuhesabu. Ukitaka kuijaribu, pasipoti ni yako.

Swali: Mwenye viza ya kuingia mara nyingi, ule ukomo wa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180 huanza upya Januari?

Jibu: Hapana, mwaka wa kalenda hauhusiki. Chukua siku yoyote utakayokuwa huko, rudi nyuma siku 180 ukiihesabu na hiyo yenyewe, ujumlishe siku zote ulizokaa ndani ya kipindi hicho, zisizidi 90. Kipindi hicho husogea nawe kila siku, hivyo siku za zamani hudondoka moja moja.

Swali: Nje ya mada kidogo: naweza kumbebea mwenyeji wangu nyama iliyokaushwa?

Jibu: Nyama na bidhaa za maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hazipiti kwa msafiri wa kawaida, hata zikiwa kavu, zitachukuliwa forodhani. Mpelekee asali, isizidi kilo 2.

Mwanachama mwingine anaongeza: Asali hiyo iwekwe kwenye begi la kukabidhi. Katika ukaguzi wa mizigo ya mkononi huhesabiwa kama kimiminika, na chupa yangu iliyozidi mililita 100 iliishia pipani.