Gari linapovuta usukani: kuuweka sawa mfumo wa kushika leni kwa barabara za Lindi na Mtwara

Dereva anatoka Mingoyo kwenda Mtwara. Semi la saruji linamjia, naye anasogea kushoto kulipisha kama inavyotakiwa. Tairi la kushoto likigusa tu mstari wa pembeni, usukani unamvuta kulia, kule kule semi linakotokea. Nguvu yenyewe ni ndogo, mkono wowote unaishinda. Lakini mshtuko ni mkubwa, na dereva aliyeshtuka hukosea.

Hilo ndilo lalamiko kubwa la madereva wa Kusini walioanza kuendesha magari ya Japani ya miaka ya karibuni, yenye mfumo wa kushika leni: kamera inayotazama mistari ya barabara na kumwonya dereva au kugusa usukani gari likianza kutoka kwenye leni yake. Lina dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haihitaji fundi. Kosa ni kukimbilia kuchomoa fyuzi kabla ya kujua gari lako linafanya nini na kwa nini.

Kwanza jua gari lako lina kipi

Watu huita vyote "kushika leni", lakini kuna viwango vitatu, na kila kimoja kina usumbufu wake.

Cha kwanza kinaonya tu. Ukivuka mstari bila indiketa, kinapiga mlio, kinawasha alama kwenye dashibodi au kinatikisa usukani. Corolla Axio, Fielder na Vitz zilizoanza kufungwa kifurushi cha usalama cha Toyota mwaka 2015 ziko kundi hili. Kama unaendesha mojawapo na unahisi usukani unavutwa, usiilaumu kamera. Tafuta tatizo kwenye matairi au alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu.

Cha pili kinarudisha gari ndani. Kinatumia mota ya umeme ya usukani, na kwenye baadhi ya magari kinabana kidogo breki za upande mmoja. Hiki ndicho kinachowashtua watu wanapopishana na malori.

Cha tatu kinaliweka gari katikati ya leni muda wote, na kwa kawaida hufanya kazi pamoja na kidhibiti mwendo kinachofuata gari la mbele. Dereva asiyejua amekiwasha hudhani usukani umekuwa mzito.

Namna ya kutambua ni rahisi. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, chenye mistari inayoonekana vizuri, kisicho na gari mbele wala nyuma. Nenda kilomita 70 kwa saa, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, kisha usogelee taratibu mstari wa pembeni bila indiketa. Ukisikia mlio peke yake, uko kiwango cha kwanza. Ukisukumwa unapougusa mstari tu, ni cha pili. Usukani ukiwa unajisogeza kidogo kidogo hata ukiwa katikati, ni cha tatu.

Zingatia na mwendo. Kwenye Toyota nyingi mfumo huanza kazi kuanzia takriban kilomita 50 kwa saa, na ule wa Honda wa kukaa katikati huanza takriban 65. Kwa hiyo vijijini, penye kibao cha 50, mara nyingi mfumo utakuwa kimya, na kimya hicho si ubovu.

Kamera inaona nini

Nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera. Subaru zenye EyeSight, jina la mfumo wa kamera wa kampuni hiyo, zina mbili. Kamera haijui barabara. Inatafuta mstari mweupe juu ya kitu cheusi, kisha inakadiria gari liko wapi kati ya mistari miwili. Mstari ukififia inakisia, na kitu kingine kikifanana na mstari inakifuata hicho.

Barabara zetu zina vitu vingi vya kuidanganya. Mchanga wa pwani na udongo mwekundu wa upande wa Masasi na Newala hufunika mstari wa pembeni, hasa pale pikipiki zinapoingilia lami kutoka njia za vumbi. Nyufa zilizozibwa kwa lami mpya huacha michirizi myeusi inayong'aa, na jua la saa kumi na moja jioni likiipiga, michirizi hiyo huonekana myeupe kuliko mstari wenyewe. Mvua ikinyesha usiku, taa za magari hutandaza mwanga juu ya maji na kamera hupofuka. Kwenye michepuko, kama ile iliyotengenezwa barabara ilipokatika Kilwa kwa mvua za Mei 2024, mstari wa zamani unaweza kuwa bado unaelekea kule kulikofungwa.

Kona kali nazo ni tatizo. Mfumo umetengenezwa kwa barabara iliyonyooka au inayopinda taratibu. Ukipanda Newala, usiutegemee hata kama umewaka.

Halafu kuna wembamba wa barabara. Leni ikiwa na upana wa mita 3.25 na gari lako mita 1.7, unabakiwa na chini ya sentimita 80 kila upande. Dereva mzuri anayekwepa shimo au mwendesha baiskeli aliyebeba kuni atazitumia zote, na atavuka mstari. Kamera haioni kwamba umekwepa. Inaona umevuka.

Kioo, matairi, usukani: fuata mpangilio huu

Fanya haya kabla ya kugusa kitufe chochote, maana mfumo unaosumbua kupita kiasi mara nyingi uko kwenye gari lisilonyooka.

1. Safisha kioo mbele ya kamera, ndani na nje. Nje tumia maji, sabuni na kitambaa laini. Ndani ni utando wa vumbi na mvuke wa plastiki, na huo ndio unaosahaulika. Usiguse lenzi na usipulizie dawa moja kwa moja. Lowesha kitambaa, kikamue, ndipo ufute.

2. Ondoa kilicho mbele ya kamera: stika za Nenda kwa Usalama, tinti ya juu ya kioo, manukato ya kuning'iniza, kishikio cha simu. Stika zibandike pembeni chini, upande wa abiria.

3. Tazama waipa. Raba iliyokauka kwa jua huacha mistari ya maji pale pale kamera inapochungulia.

4. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tofauti ya PSI 4 (kipimo cha upepo wa tairi) kati ya tairi la mbele la kushoto na la kulia inatosha kuvuta gari. Matairi yawe ya saizi moja na yawe yamelika sawasawa. Ukifunga tairi dogo la akiba, zima mfumo mpaka ulirudishe tairi lako.

5. Kagua kama usukani umenyooka. Ukiwa umezima mfumo, kwenye lami tambarare, kilomita 60 kwa saa, usukani unapaswa kukaa katikati. Barabara nyingi zimeinamia pembeni ili maji yatiririke, hivyo gari kuelea kushoto kidogo ni kawaida. Usukani ukikaa umepinda ndipo gari linakwenda sawa, peleka gari kwenye alaimenti, na mwambie fundi asiishie kwenye magurudumu. Kihisi cha pembe ya usukani nacho kirudishwe sifuri kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Hatua hii ikirukwa, gari litaamini kwamba unapinda wakati umenyoosha.

Gari lililoegeshwa juani mchana kutwa linaweza kuonyesha ujumbe kwamba kamera haipatikani kwa muda. Imepata joto tu. Fungua madirisha, washa kiyoyozi, subiri. Ujumbe ukibaki hata baada ya gari kupoa, hapo kuna hitilafu.

Kupunguza ukali, na kuzima

Ushauri wetu: usianze kwa kuzima kila kitu. Magari mengi ya kiwango cha pili yanakuruhusu kuzima msukumo wa usukani na kubakiza mlio, na mengine yana chaguo la kuonya mapema au kwa kuchelewa. Kwa barabara ya Lindi mpaka Mtwara, mlio peke yake, tena wa kuchelewa, ndiyo mpangilio unaofaa kuliko yote. Usiku ukisinzia utaamshwa, na mchana ukilipisha lori hutavutwa.

Kwenye Toyota tafuta kitufe chenye picha ya gari au usukani katikati ya mistari miwili. Huwa kwenye usukani au upande wa kulia chini ya dashibodi. Bonyeza na uangalie alama kwenye dashibodi. Isipobadilika, bonyeza ushikilie kidogo. Kwenye Toyota nyingi zenye kitufe hicho, ukizima hubaki imezimwa hata ukiwasha gari upya. Zisizo na kitufe, tumia mishale ya usukani: ingia penye alama ya gurudumu la meno, shuka hadi picha ya mistari miwili, bonyeza OK.

Subaru nyingi za EyeSight zina vitufe juu, karibu na taa ya ndani. Viko viwili jirani, kimoja cha leni, kingine cha breki ya dharura. Soma picha vizuri, kisha shikilia cha leni kwa sekunde mbili hivi. Honda ina mifumo miwili inayochanganya watu: wa kukaa katikati, ambao kitufe chake kiko kwenye usukani, na wa kuzuia gari kutoka barabarani, wenye kitufe chake kwenye dashibodi. Ukizima mmoja, mwingine unaendelea. Ndiyo maana utasikia mtu akisema amezima na bado gari linamsukuma.

Menyu ikiwa ya Kijapani, piga picha kila ukurasa kabla ya kubadilisha chochote, kisha tumia programu ya kutafsiri picha kwenye simu. Fanya hivyo gari likiwa limesimama.

Magari mapya yanayouzwa Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 ni lazima yawe na mfumo huu, na sheria ya huko inataka uwake wenyewe kila gari linapowashwa. Ukiagiza gari la aina hiyo, kuzima kutakuwa kazi ya kila safari.

Usibonyeze kitufe chenye picha ya gari linaloteleza na neno OFF. Hicho kinaondoa ulinzi dhidi ya kuteleza, na kwenye lami iliyolowa utauhitaji. Wala usichomoe fyuzi au soketi ya kamera. Kamera hiyo hiyo inahudumia breki ya dharura na taa zinazojishusha zenyewe. Ukiikata, unapoteza vyote na dashibodi inajaa taa za onyo.

Barabarani

Indiketa ndiyo lugha ambayo mfumo unaielewa. Ukitaka kulipita lori la korosho, washa ya kulia kabla hujaanza kusogea, na washa ya kushoto kabla ya kurudi. Usukani utakuwa mwepesi. Wanaowasha indiketa wakiwa tayari wameshavuka nusu ndio wanaopigiwa mlio kila mara. Kwa shimo la ghafla huna muda wa indiketa: shika usukani kwa nguvu ya kawaida, geuza unakotaka, mfumo utaachia. Usiuachie usukani kwa sababu umestuka.

Zima kabisa ukiingia mchepuko, njia ya changarawe, sehemu yenye mistari miwili inayopingana, mvua kubwa, au ukivuta trela. Washa tena ukifika kwenye lami yenye mistari safi, hasa usiku kwenye vipande virefu vilivyonyooka kati ya Nangurukuru na Lindi, ambako adui mkubwa ni usingizi.

Onyo la "shika usukani" wakati umeushika linatokana na kipimo kinachosikiliza msokoto, si mguso. Kwenye barabara iliyonyooka mikono haisokoti chochote. Uache mkono mmoja uning'inie kidogo upande mmoja wa usukani, uzito wake unatosha. Usifunge chupa ya maji kwenye usukani kama wengine wanavyofanya. Unaidanganya ile sehemu pekee inayojua kama umelala.

Baada ya kubadilisha kioo au kuinua gari

Hapa ndipo makosa ya gharama hufanyika. Kamera ikipinda nyuzi 1 tu kushoto au kulia, mstari ulio mita 30 mbele huonekana umehama karibu nusu mita. Kioo kikipasuka kwa kokoto, nunua chenye kishikilio cha kamera kwa modeli yako, na kabla ya kulipa muulize fundi kama ana mashine ya kuielekeza kamera upya. Kuna njia mbili: kuweka bango maalumu mbele ya gari kwenye sakafu tambarare kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, au kuendesha gari kwenye barabara yenye mistari safi huku mashine ikiwa imeunganishwa. Matairi yawe na upepo sahihi na buti iwe tupu. Kama hana mashine, kioo kifungwe, lakini mfumo ukae umezimwa mpaka upate mwenye nayo.

Vivyo hivyo kwa wanaoweka spesa, vipande vya kunyanyulia springi, ili gari lisiguse chini njia ya Liwale. Kuinua mbele tu ni kubaya zaidi, maana kamera inaanza kutazama juu. Inua mbele na nyuma kwa usawa, fanya alaimenti, kisha elekeza kamera upya.

Ukinunua gari lililotumika, fanya jaribio la mstari kabla ya kukabidhi fedha. Kisha chungulia kwa nje penye kamera: gundi mpya kuzunguka kioo, chapa ya kioo tofauti na vioo vya pembeni, au kifuniko cha kamera kilicholegea vinaonyesha kwamba kioo kilibadilishwa. Omba kuona risiti ya kuelekeza kamera. Isipokuwepo, ondoa gharama hiyo kwenye bei.