Kabla ya Kubadili Mlo au Kuanza Virutubisho kwa Mwenye Ugonjwa wa Parkinson

Mwenye ugonjwa wa Parkinson anayetaka kupanga upya chakula chake aanze kwa kuitazama dawa anayotumia. Kwa muda wa wiki moja hivi, yeye au anayemuuguza aandike saa ya kila kidonge, saa ya kila mlo na kilichomo, pamoja na nyakati ambazo mwili ulikuwa mwepesi na zile ambazo ulikakamaa au miguu iligoma kunyanyuka. Pasipo kumbukumbu hiyo daktari hubaki kukisia, na mara nyingi chakula hulaumiwa ilhali tatizo ni saa kilipoliwa.

Levodopa, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ndiyo mhimili wa tiba ya ugonjwa huu, hufyonzwa katika utumbo mdogo na kuingia ubongoni kwa kupitia njia zile zile zinazotumiwa na asidi amino zitokanazo na protini. Kidonge kikimezwa pamoja na mlo wenye nyama, mayai, maziwa au maharage mengi, dawa hulazimika kugombea nafasi, kama abiria aliyefika kivukoni wakati chombo kimeshajaa. Ndiyo maana kwa kawaida hushauriwa imezwe nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye. Anayepatwa na kichefuchefu akimeza dawa bila kula anaweza kuisindikiza na biskuti kavu chache badala ya maziwa, na asikubali kupewa metoklopramide ya kuzuia kutapika, kwa kuwa huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, ambayo mgonjwa tayari ameipungukiwa.

Baada ya kuyasikia hayo, wapo wanaoiacha protini kabisa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni hatari kuliko tatizo lililokusudiwa kutatuliwa, kwani ugonjwa wenyewe hupunguza uzito na misuli. Isitoshe, si kila mgonjwa huathiriwa. Wanaohusika hasa ni wale ambao nguvu ya dawa huisha kabla ya kidonge kinachofuata. Hao wanaweza, kwa usimamizi wa daktari na mtaalamu wa lishe, kuhamishia sehemu kubwa ya protini kwenye mlo wa jioni bila kupunguza kiasi cha siku nzima, ambacho kwa kawaida ni gramu 0.8 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito. Wajue mapema kwamba usiku unaweza kuwa mgumu zaidi, na kwamba mchana dawa ikianza kufika vizuri huenda mwili ukachezacheza bila hiari, hali inayodai dozi ipitiwe upya.

Kufunga choo nako kushughulikiwe mapema: maji ya kutosha, na nyuzinyuzi zinazoongezwa kidogo kidogo.

Virutubisho vya ziada vinahitaji tahadhari kubwa zaidi, maana vimeahidiwa mengi. Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa 800 na matokeo yakatolewa mwaka 1993, haikuchelewesha ugonjwa. Krietini, gramu 10 kwa siku, ilijaribiwa kwa watu 1,741, na jaribio likasitishwa mwaka 2013 kwa kukosa manufaa. Koenzaimu Q10 nayo, hata kwa miligramu 2,400 kwa siku, haikufua dafu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ni busara kupima damu ili kujua kama kuna upungufu wa kweli wa vitamini D au B12, hasa kwa anayetumia levodopa kwa muda mrefu. Vidonge vya madini ya chuma hushikamana na levodopa tumboni, hivyo vitenganishwe nayo kwa saa mbili au zaidi. Mbegu za upupu zina levodopa halisi, lakini kiasi chake hubadilika kutoka mfuko hadi mfuko. Kuzichanganya na dawa ya hospitali ni kujiongezea dozi isiyojulikana. Anayetumia selejilini au rasajilini, ambazo ni dawa nyingine za Parkinson, amwonyeshe mfamasia kila dawa ya mitishamba, na hata dawa ya kikohozi, kabla ya kuitumia.

Mwisho, umezaji uchunguzwe kabla ya kubadili aina ya chakula. Kupaliwa mara kwa mara, sauti inayokuwa ya majimaji baada ya kunywa, au mlo unaochukua muda mrefu kuliko zamani ni dalili za kumwona mtaalamu wa umezaji, ambaye ataamua kama chakula kilainishwe au vinywaji viongezwe uzito. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visipondwe ili kurahisisha kumeza, kwa sababu vikipondwa dozi yote huachiliwa kwa mkupuo. Daktari aulizwe kama kuna aina nyingine inayomezeka kwa urahisi.