Majibu ya CA-125: yasome hivi kabla hujaanza kulia

Siku hizi unaingia lebu Kampala, unatoa damu, unapewa karatasi imeandikwa CA-125 (kipimo cha damu kinachotumika kutafuta dalili za kansa ya ovari) na namba pembeni, alafu ukiwa juu ya boda unaanza kuaga watu. Tulia kwanza.

CA-125 ni kipande cha protini kubwa inaitwa MUC16, inakaa nje kwenye ganda la seli. Kwa kansa ya ovari haikai bure, inashikana na protini nyingine, mesothelini, iliyo kwenye utando wa tumbo, so seli za kansa zikidondoka kutoka kwa ovari zinapata pa kung'ang'ania na kuota. Vipande vingine vinakatika vinaingia kwa damu, ndio hivyo lebu inapima.

Kikomo ni 35. Ikipita, jiulize: ulikuwa kwa hedhi? una mimba, fibroidi (uvimbe wa kizazi usio kansa), endometriosisi (nyama kama ya ndani ya kizazi inaota nje yake), shida ya ini? Na huku kwetu usisahau TB ya tumbo, hiyo inapandisha namba mpaka mamia na inajaza maji tumboni, yaani inafanana na kansa kabisa. Lakini chini ya 35 pia usishangilie, kansa ikiwa stegi ya kwanza karibu nusu ya wanawake namba yao iko sawa tu.

Kwa hiyo fanya skani ya ultrasound, alafu piga hesabu ambayo madaktari wanapiga. Skani haina dalili mbaya weka 0, moja weka 1, mbili kwenda juu weka 3 (dalili ni kama uvimbe wenye vyumba vingi au nyama ngumu ndani, ovari zote mbili zimeguswa, maji tumboni). Hedhi ilishakatika weka 3, bado weka 1. Zidisha zote na CA-125. Ikipita 200 unatafuta daktari wa kansa za wanawake, sio wa kliniki ya mtaani. Sasa ona: mama wa miaka 60, skani 3, CA-125 yake 30 tu, anapata 270. Binti wa miaka 25, skani 1, CA-125 ni 150, anabaki 150. Mwenye namba "nzuri" ndiye wa kukimbizwa!

Kama uko kwa kemo (dawa za kansa), pima lebu ileile kila mara, mashine zinatofautiana, na angalia namba inaelekea wapi.

Ukitumwa Uganda Cancer Institute, hospitali ya kansa pale Mulago, beba karatasi zote, hata za zamani, na picha za skani zenyewe.